Kitambi cha Mirihi

Kuna watu wakiingia nyumba ya watu huangalia viti, wengine huangalia picha za harusi, na wapo wasio na haya ambao huchungulia sufuria. Fundi Msasa aliangalia kuta. Mwenyeji hajamaliza kusema karibu, yeye keshaegemeza shavu ukutani, jicho moja kalifumba, anatafuta kinundu. Akikipata, chai hainyweki tena. Atajibu "ndiyo, ndiyo" mpaka mwenyeji aende jikoni, halafu utasikia kwaru, kwaru, kwaru. Mwenyeji akirudi anamkuta mgeni anajipangusa vumbi jeupe kwenye suruali, hana hili wala lile.

Jina la Msasa alipewa na mafundi wenzake wa plasta, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Katika mfuko wa shati, pale wengine wanapochomeka kalamu, yeye aliweka kipande cha msasa kilichokunjwa vizuri. Na tuseme haki, fundi alikuwa fundi. Ukuta aliousugua yeye, nzi akitua anateleza.

Lakini ugonjwa huu haukuanza kazini, ulianza nyumbani. Binti yake wa pekee alipoteza macho angali mdogo, baada ya homa kali, na tangu hapo Msasa alitangaza vita na kila kitu chenye ncha. Meza zote zikakatwa pembe. Vizingiti vikang'olewa. Ngazi za mlangoni zikageuzwa mteremko. Kuta zikasuguliwa mpaka zikawa kama shavu la mtoto mchanga. Mama yake Msasa, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa akilalamika kwamba amewekwa kuishi ndani ya sabuni.

"Nikikaa nateleza, nikisimama nateleza," alisema. "Siku nikifa msihangaike na jeneza. Nisukumeni tu, nitafika mwenyewe."

Binti alikua, akasoma, akawa mwalimu katika shule ya watoto wasioona. Alipangiwa nyimbo na usomaji wa vidole, na alivifundisha vizuri, ila roho yake ilikuwa kwenye sayansi. Kila alipoomba darasa hilo, mwalimu mkuu alikohoa kwanza, kisha akauliza mwalimu asiyeona atawafundishaje sayari watoto wasioona.

"Kwani wewe unayeona ulishawahi kwenda?" Binti akamuuliza siku moja, uvumilivu umemwisha.

Mwalimu mkuu alikohoa tena, kwa muda mrefu zaidi. Wakakubaliana hivi: Jumatatu mkaguzi wa shule angekuja, na Binti angefundisha mbele yake somo moja tu, la sayari moja. Mkaguzi akiridhika, darasa la sayansi ni lake. Asiporidhika, arudi kwenye nyimbo zake na maneno hayo yasisikike tena.

Binti alichagua Mirihi. Na nani wa kuifinyanga, ikiwa baba mtu ni fundi wa plasta?

Kazi ilifanyika kwenye banda nyuma ya nyumba. Msasa alisuka mpira mkubwa wa wavu wa kuku, akauvika magunia, akaupiga plasta ya jasi, ukakalia tairi kuukuu na kumfika kiunoni. Ulikuwa duara safi. Aliuzunguka akiwa amekunja mikono kifuani, macho yanamlegea kwa raha. Hapo ndipo Binti alipokuja na ramani ya shule, ile ya karatasi nene yenye mistari iliyoinuka, akaipapasa na kuanza kutoa maagizo.

"Kaskazini yote iko chini, tena tambarare."

"Hapo nimekuelewa," alisema Msasa.

"Kusini kote kuko juu. Na mashimo, baba. Mengi, makubwa kwa madogo."

"Mashimo ya nini?"

"Ya mawe yaliyoanguka kutoka angani."

"Na hakuna aliyeyaziba?"

"Nani angeyaziba?"

Msasa alikuna kichwa. "Yaani nusu imepigwa plasta na nusu imeachwa hivyohivyo. Huyo fundi alifiwa katikati ya kazi?"

"Bado. Hapa katikati, ubavuni, imevimba. Uvimbe mkubwa, upande mmoja tu. Juu ya uvimbe kuna milima mitatu imejipanga mstari, na pembeni yake mlima mmoja mkubwa kuliko wowote tunaoujua hapa duniani."

Bibi, aliyekuwa mlangoni anamenya viazi, aliinua kichwa. "Hicho siyo uvimbe. Hicho ni kitambi. Na hiyo mitatu ni vifungo vya shati."

Ikawa hivyo. Uvimbe ukaitwa kitambi na milima mitatu vifungo. Bonde refu linaloanzia kwenye kitambi na kuchana sayari kuelekea mashariki, Bibi aliliita mshono, kwa sababu na yeye alikuwa nao wake wa tumboni, na akataka kuwaonyesha, wakamzuia. Kule kusini kulikuwa na shimo moja pana na lenye kina, hilo likaitwa beseni.

Msasa alifanya yote aliyoagizwa, huku anasononeka kama mtu anayelazimishwa kumtukana mama mkwe. Kitu kimoja tu kilimpa faraja. Binti alimweleza kwamba milima na mabonde wameyakuza mara nyingi ili mkono wa mtoto uyapate. Kwa kipimo cha kweli, kwenye mpira kama ule, mlima mkubwa kabisa ungeinuka kiasi cha sarafu mbili zilizopandana.

"Kumbe tunatia chumvi!" alisema Msasa, uso umemchangamka.

"Tunatia chumvi kidogo, baba, ili ladha isikike."

Jumamosi asubuhi kila kitu kilikuwa mahali pake. Binti alijiandaa kwenda shuleni kurudisha ramani na kupanga darasa.

"Imebaki rangi nyekundu," alimwambia baba yake. "Paka tu. Usiguse kingine. Toa na huo msasa mfukoni."

Msasa aliutoa, akaugonga mezani ili mwanawe asikie. Binti alitabasamu, akachukua fimbo yake, akaondoka. Msasa mwingine ulikuwa kwenye soksi ya baba.

Na kweli alianza na rangi. Nawaambieni, mtu huyu hakuwa na nia mbaya. Alifungua kopo, akakoroga, akachovya brashi. Bahati mbaya banda lilikuwa na dirisha upande wa mashariki, na jua la asubuhi lilikuwa linapita ubavuni mwa ile sayari. Mafundi wa plasta wanalijua jua la namna hiyo, halifichi kitu. Kila kinundu kilitupa kivuli chake, kila shimo likafumbua mdomo. Kusini yote ilikuwa inamtazama.

Aliweka brashi chini. Atasugua kile kichunusi kimoja tu, pale mguuni pa mlima, ambacho hata kwenye ramani hakikuwemo. Alikisugua. Kwa kuwa sasa pale pamekuwa laini, pembeni pakaonekana pabaya zaidi. Akasugua na pembeni. Kisha akakumbuka watoto. Vidole vyao ndiyo macho yao, na yeye amewachimbia mshono wenye kingo kali kama bati! Mtoto apitishe kidole mle, achubuke, damu itoke, mkaguzi anaangalia? Alichanganya jasi akaujaza mshono. Alipomaliza mshono akaliona beseni.

Kufika adhuhuri hapakuwa na kitambi, vifungo, wala beseni. Palikuwa na mpira uliopakwa mara mbili rangi ya mafuta inayokauka upesi, mwekundu, unang'aa mpaka Msasa alijiona ndani yake, na alichokiona kilimpendeza.

Alimwita Bibi. Bibi alikuja, akaangalia kwa muda.

"Umefinyanga nyanya."

"Ni Mirihi, mama. Nimeimalizia."

"Ile yenye kitambi iko wapi?"

"Ndiyo hii hii. Gusa uone, imeshakauka."

Bibi hakugusa, alisukuma kwa mkongojo. Sayari iliteleza kutoka kwenye tairi, ikatoka bandani, ikakata ua. Haikuwa na chochote cha kuizuia. Kuku waliruka kila mmoja na upande wake. Ilipita chini ya kamba ya nguo, ikaondoka na gauni la Bibi, ikaenda kujigonga ukutani bila hata kupata mkwaruzo. Msasa aliifuata mbio akitweta, amejaa fahari.

Binti alirudi jioni. Msasa alimshika mkono akampeleka mpaka kwenye tairi, anacheka peke yake kama bwana harusi.

Binti aliweka viganja vyote viwili juu ya mpira. Akavipeleka kulia. Akavirudisha kushoto. Akaanza kuzunguka taratibu, mikono haiachi ule wekundu asioujua, akazunguka, akaendelea kuzunguka, mpaka Msasa akaanza kuona kizunguzungu yeye.

"Baba," alisema bila kusimama, "nimeanzia wapi?"

"Hapo mlangoni, mwanangu. Umeshapita mara mbili."

"Sijui. Hainiambii. Mirihi iko wapi?"

Msasa alieleza habari ya kingo kali. Alieleza habari ya vidole vya watoto. Alipoona hali inazidi kuwa mbaya akaleta hoja yake kubwa: si yeye mwenyewe Binti aliyesema kwa kipimo cha kweli mlima ni sarafu mbili? Kwa hiyo hii ndiyo Mirihi ya kweli, isiyotiwa chumvi!

"Sarafu mbili ziko wapi?" Binti aliuliza. "Nionyeshe hata moja."

Hazikuwepo. Msasa alifikiri mwanawe atalia, na hilo angeliweza, kwa sababu mtoto akilia unambembeleza. Lakini Binti alikaa tu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Unakumbuka siku nilipompelekea Bibi chai bafuni?"

Nani asiyeikumbuka? Ilisimuliwa kwenye kila harusi ya ukoo. Binti angali msichana mdogo, wageni wako sebuleni, yeye anashupalia kubeba sinia la chai mwenyewe. Akapita koridoni, akafungua mlango, akaingia bafuni, akamwambia Bibi aliyejaa mapovu kutoka utosini: "Karibuni chai, wageni wetu wapendwa."

"Na nilikunywa," alisema Bibi kutoka mlangoni. "Ilikuwa imekolea."

"Mlicheka sana," Binti alisema. "Mkasema masikini, hajui njia. Baba, mimi njia nilikuwa naijua. Pale koridoni, usawa wa bega langu, palikuwa na kinundu. Kidogo hivi, kama punje ya hindi. Nikikigusa najua mlango unaofuata ni wa sebule. Asubuhi ile ulikuwa umekisugua."

Msasa alikikumbuka. Hata leo angeweza kukuonyesha mahali penyewe. Alikisugua kabla ya wageni kufika, na akapumua kwa raha.

"Umeniondolea kila kitu cha kuniumiza," alisema Binti. "Ndivyo hivyohivyo vilivyokuwa vinaniambia niko wapi."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ulikuwa unafurahi sana ukisugua."

Msasa aliona aibu, aibu ya kweli, inayoanzia miguuni. Alitoa msasa kwenye soksi akamwekea mwanawe mkononi. Binti akaupapasa, akatikisa kichwa.

"Na wa soksi ya pili?"

Akautoa na huo.

Jumapili hawakwenda popote. Kulikuwa na shida mbili. Ya kwanza, ramani ilikuwa shuleni, imefungiwa. Ya pili ilikuwa ya kifundi na ilimuuma Msasa zaidi: plasta mpya haishiki juu ya rangi ya mafuta iliyolala vile. Lazima kwanza utindue, yaani uugonge ukuta kwa nyundo mpaka uwe na makovu kila mahali, plasta ipate pa kung'ang'ania. Na ule ulikuwa ndio mgongo laini kuliko yote aliyowahi kuitengeneza maishani. Alisimama na nyundo mkononi.

"Gonga," alisema Bibi, "au nigonge mimi."

Alifumba macho akagonga. Akagonga tena. Tuseme ukweli, kufika kusini alikuwa ameanza kunogewa.

Ramani nayo ikapatikana vichwani mwao. Binti alikuwa ameipapasa mno kiasi kwamba angeweza kuichora usingizini. Aliushika mkono wa baba yake, akausukuma, akauvuta. "Kitambi hapa. Hapana, usikibane, kiachie kitoke. Vifungo hivi hapa, mstari ulale mshazari. Mshono uanzie hapa, uende, uende, usichoke." Walipofika kwenye shimo kubwa, Bibi aliingia ndani akarudi na beseni lake dogo la kunawia, akalikandamiza kwenye plasta mbichi kwa makalio yake mwenyewe. Likatoka shimo zuri ajabu.

Msasa alifanya kazi macho yamefumbwa karibu muda wote, kwa sababu aliyafumbua mara moja akaona kusini ilivyo, akayafumba tena upesi.

Jumatatu asubuhi Mirihi ilipandishwa kwenye mkokoteni, nyekundu ya rangi ya maji isiyong'aa, mbaya kupita kiasi. Msasa alisukuma, Binti akatembea pembeni ameishika. Walipofika kwenye lango la shule, gurudumu liliingia shimoni na sayari ikadondoka upande ule wenye mtaro. Msasa alipiga kelele. Ilikuwa inaelekea mtaroni moja kwa moja, ikabingirika mara moja, ikakalia kitambi chake, ikagoma. Ilikaa pale kama mzee aliyeshiba.

"Imevunjika?" aliuliza Binti.

"Mlima mkubwa umemeguka kileleni. Pamebaki kishimo." Mkono wa Msasa ulishaanza kushuka kuelekea soksi.

"Baba. Soksi."

"Nakuna mguu tu."

"Kiache kishimo. Mlima ule juu yake una shimo kweli. Nilisahau kukuambia."

Mkaguzi alikuwa bwana mpana, mwenye miwani na faili, na sauti ya mtu aliyekwisha amua. Msasa alisimama nyuma ya darasa karibu na mwalimu mkuu, roho mkononi. Watoto waliizunguka sayari, mikono yao midogo imejaa kila mahali, na kelele zikaanza. Mmoja amepata kaskazini, kumelala kama godoro. Mwingine yuko kusini, amehesabu mashimo mpaka amechoka. Binti alieleza kwa nini kusini kuna mashimo mengi: kule ni kukuukuu, kumepigwa mawe tangu zamani na hakuna kilichokuja kufunika. Kaskazini kulifunikwa baadaye.

"Mirihi ina kitambi!" alipiga kelele msichana mmoja kwa furaha. Mkaguzi alisogeza faili likakaa mbele ya tumbo lake.

"Watoto wanafurahi, naona," alisema. "Lakini je, wanajifunza? Kitu hiki hakina hata umbo la kueleweka."

"Tafadhali fumba macho, mheshimiwa," alisema Binti, "uweke mkono hapa, kwenye kitambi na vifungo vyake vitatu."

Mkaguzi alifumba jicho moja. "Yote mawili," alisema Binti. Mwalimu mkuu alikohoa. Mkaguzi akafumba yote mawili.

Alianza kuzunguka, kidole kimoja mbele, kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Aliingia kwenye mshono akaufuata, midomo inatembea. Akateremka kwenye beseni akasema "Lahaula!" Akapotea kwenye mashimo ya kusini, akarudi nyuma, akajaribu tena, akapanda.

"Subirini," alisema mkaguzi, macho bado yamefumbwa. "Kifungo. Kifungo. Kifungo. Hiki kitambi nakijua. Nimeanzia hapa! Nimeizunguka yote!" Akacheka, kicheko cha mtoto kabisa, faili likaanguka na hakuliokota.

Kisha akafumbua macho, akajikohoza, akamgeukia mwalimu mkuu. "Darasa lake la sayansi linaanza lini?"

Msasa alilia. Hakujificha, alilia pale pale mbele ya watoto, na kwa kuwa alikuwa amejaa vumbi la jasi, machozi yakamchora mabonde usoni.

Alasiri ile alichanganya jasi kidogo sana, kiasi cha kijiko, akaenda kusimama koridoni.

"Kilikuwa wapi?" aliuliza.

Binti aliinama mpaka bega lake likafika usawa wa zamani. "Hapa. Lakini sasa nimekua. Weka hapa."

Msasa alibandika kinundu cha punje ya hindi kwenye ukuta laini kuliko wote mtaani. Kilikaa pale kama chunusi kwenye pua ya bibi harusi. Akasubiri kikauke, mikono ameifumbata nyuma kwa nguvu. Halafu alikwenda mwisho wa korido, akafumba macho, akaanza kutembea na kiganja ukutani. Alipiga hatua chache tu, akapotea. Nyumba aliyoijenga mwenyewe, hakujua kama yuko jikoni au anakaribia kutoka nje, na ukuta ukawa unapita tu chini ya mkono wake bila kumwambia neno. Akaogopa. Akataka kufumbua. Kidole kikagusa punje.

"Sebule," alisema.

"Sebule," alisema Binti.

"Na mlangoni kwangu bandikeni viwili!" Bibi alipaza sauti kutoka bafuni. "Chai hiyo sinywi tena!"